Barua Niliyoifuta

Nimechoka kuambiwa nisifungue barua pepe za watu nisiowajua. Kila barua iliyowahi kuamua maisha yangu hapa Johannesburg imetoka kwa mtu nisiyemjua.

Kompyuta yetu inakaa kando ya cherehani yangu, katika chumba tulichopanga mtaa wa La Rochelle. Nyumba ina vyumba sita, na ni sisi tu wenye kompyuta, kwa hiyo vibali vya ukimbizi vya nyumba nzima viliombwa kwa anwani yangu ya barua pepe. Ningemkatalia nani, wakati tunaazimana hata chumvi? Basi asubuhi moja ilipoingia barua isemayo "Mpendwa mwombaji, kibali chako kiko tayari," bila jina, kila chumba kilijiona ndicho kilichoitwa.

Jirani yangu Mrundi alikuja mbio na pasi ya nguo mkononi. "Fungua, dada, pengine ni yangu!" Akaomba sala fupi, tukasema amina, nikafungua kiambatisho. Hakikuwa kibali. Kilikuwa kirusi cha kompyuta, na kilizifunga nakala za vyeti vya nyumba nzima tulizohifadhi humo, hata moja haikufunguka tena. Waliotutumia walijua tunangoja nini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Fundi wa kompyuta alicheka, mshenzi yule. "Eish, mama, ulifungua ya nini? Na hii antivirus yako imekufa zamani." Aliisafisha mashine, akaniandikia masharti: barua isiyo na jina lako, futa, anwani ya ajabu, futa, kiambatisho usichokitarajia, futa, kisha mwaga kapu la taka. Niliibandika karatasi yake ukutani, juu ya cherehani.

Mwezi huo mume wangu, mlinzi wa lango la jengo moja kule Marshalltown, aliambiwa na bosi wake alete kibali kipya kabla mwezi haujaisha. Ikaja barua. Jina hamna. Anwani ni mkururo wa herufi na tarakimu, na kiambatisho kipo. Hata Kiingereza chake kilikuwa na makosa. Niliifuta, nikamwaga kapu, nikampigia simu mume wangu kujisifu kwamba safari hii hawakunipata.

Kumbe haikutoka kwa matapeli. Mume wangu alipokwenda kwenye ofisi ya vibali kuulizia, karani alimwonyesha kwenye skrini kwamba kibali chake kilishatumwa. Kutuma tena haiwezekani, aombe upya na asubiri. Ofisi nzima, yenye mihuri na viyoyozi, inashindwa kuandika jina la mtu juu ya barua yake! Inaandika kama matapeli, halafu mjinga ni mimi niliyejifunza kuwaogopa. Nilimwambia mume wangu nitakwenda kumweleza karani huyo hayo hayo, usoni.

"Acha, mama watoto," alisema. "Watakufukuza bure."

Mwezi uliisha, lango akapewa mwingine. Siku aliyorudisha sare, mume wangu aliketi kitandani akaitazama karatasi ya fundi pale ukutani. Nilingoja anikaripie, na ningefurahi angenikaripia. Aliuliza tu, "Na kompyuta, iko muzima?"

"Iko muzima," nikamjibu.