Wavu Nilioununua Kisarawe

Kuna siku moja ya gulio pale Kisarawe ambayo nikiikumbuka huinamisha uso, hata nikiwa peke yangu ndani na mlango umefungwa. Umekuja kuniuliza, mwanangu, wapi utapata nyavu na ndoana kwa bei nafuu, maana unataka kuanza kuvua. Swali lako ni jema na nitalijibu. Lakini jibu langu limepitia siku ile, na sina njia ya kuikwepa.

Ilikuwa zama za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla. Nilikuwa kijana nisiyekaa mahali pamoja. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya hesabu, nikachoma mkaa, nikabeba mizigo kituoni Soga, nikakata mkonge. Kitu kimoja hakikunitoka popote nilipokwenda, nacho ni kuuliza. Niliwahi kumuuliza fundi wa garimoshi kwa nini injini inakunywa maji kuliko ng'ombe, nikamfuata na maswali mpaka akanitishia kwa spana. Kambini kwa wakata mkonge waliniita Bwana Kwani, na jina lenyewe nililipenda.

Nilipomaliza kipande, ile kadi yetu ya kibarua, nikapokea ujira na kuamua kwamba mkonge basi. Nitakuwa mvuvi wa Mto Ruvu, upande wa Mlandizi. Kwanza nikapita nyumbani Kisarawe kuwaaga wazazi, na siku hiyo ikawa ya gulio. Katikati ya mihogo, nazi na mafenesi nikamwona mtu ametandika wavu.

Nikacheka. "Kaka, huku milimani utavua nini, kunguru?"

"Wewe unanunua au unanisimanga?" akajibu. "Uguse kwanza, ndipo ucheke."

Niliugusa. Ulikuwa wavu wa kufumwa kwa mkono, uzi umesokotwa vizuri, fundo dogo na gumu, matundu yote sawasawa. Upande mmoja tu ulichanika, kama uliokwama kwenye kisiki. Nikaanza maswali yangu. Uzi umechemshwa na gome gani hata ukawa mwekundu hivi? Maboya haya ni mti gani? Unaanikwa juani au kivulini? Alijibu yote, harakaharaka, macho yake yakiwa njiani. Bei aliyotaja haikufika hata ya shuka mpya.

Nikaona pia kwamba kichwa chake kimenyolewa karibuni, kama wanavyonyoa kwetu watu waliotoka kumzika ndugu. Swali likanijia mpaka kwenye ulimi: wavu huu ni wa nani? Nikalimeza. Mimi niliyekuwa nikihoji hata injini, nililimeza swali moja, kwa sababu nilijua likijibiwa sitaondoka na wavu. Nikajiambia kwamba watu wa milimani hawajui thamani ya chombo cha mtoni, ndiyo maana ni rahisi. Nikalipa, nikautia kwenye gunia, nikaondoka kabla hata yeye hajaondoka.

Nilipofika kwenye kijiji cha wavuvi mbele ya Mlandizi, nikauliza ni nani anayeshona nyavu. Wakanielekeza kwa Bi Tatu, ambaye baba yake alikuwa mfumaji na ndiye aliyemfundisha. Ila mumewe amefariki, wakaniambia, yuko eda, haonani na wanaume wageni. Kazi mkabidhi mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa bibi mwembamba, ameketi uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini kwenye gunia, mahari?"

"Wavu, bibi. Umechanika."

"Wanaume wa siku hizi! Mahari yenyewe imetoboka." Akacheka, akachukua gunia bila kulifungua, akaingia nalo ndani.

Nikangoja kusikia bei. Bibi alipotoka hakuwa akicheka tena. Alichukua ungo wake, akauweka chini, akauchukua tena.

"Rudi kesho," akasema.

Kesho yake nikaukuta wavu umekunjwa vizuri kizingitini. Palipochanika hapakuonekana kabisa. Fundo lilikuwa lile lile, dogo na gumu. Nikatoa fedha.

"Rudisha mfukoni," bibi akasema. "Mwenyewe amesema hachukui ujira kwa kushona wavu wake."

"Bibi, huu wavu nimeununua mimi. Kwa jasho langu."

"Umeununua wapi?"

"Kisarawe."

"Kisarawe kuna mto gani?"

Nikainama kuuchukua wavu.

"Nakuuliza, mume wangu. Kuna mto gani wa kuvua?"

"Hakuna, bibi."

"Basi aliyeubeba mpaka huko alikuwa akiuficha na macho ya nani?" Hakungoja nijibu. "Wavu wa mwanangu marehemu huu. Mkewe ndiye aliyeufuma, na ndio uliokuwa ukiwalisha watoto wao. Mirathi haijagawanywa. Na aliyekuuzia usidhani simjui. Nimemzaa mimi, tumbo lile lile." Akajifunika uso kwa pindo la kanga.

Mwanangu, ningeuacha wavu pale pale, leo ningekusimulia kwa sauti kubwa zaidi. Sikuuacha. Bibi hakunishika wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Chukua. Hapa hakuna mwanamume wa kugombana na wewe." Nami nikachukua. Nikautia begani, nikaenda nikinung'unika kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa. Kununua naweza kujitetea kidogo. Kule kuondoka nao sina la kusema.

Asubuhi nikatega. Samaki walikuwa wengi, perege na kambale, na kuuvuta peke yangu ilikuwa kazi. Wavuvi waliokuwa ukingoni waliutazama, kisha wakatazamana. Hakuna aliyenisaidia.

"Kumbe marehemu amefufuka," mmoja akasema kwa sauti ili nisikie. "Tena amekuwa kijana."

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Ana haraka ya kula vya watu."

Nikaendelea kuwatoa samaki, na vidole vyangu vikafika pale paliposhonwa. Nikafikiri juu ya yule mwanamke. Aliletewa wavu wa mumewe na mtu asiyemjua, akajua hana namna ya kumzuia, na bado alikaa chumbani akaufunga fundo kwa fundo. Wavu ungekuwa wangu, ningeukata vipande kwa hasira. Nikakusanya kila kitu, samaki na wavu, nikarudi kule kule kabla jua halijapanda.

Niliviweka kizingitini.

"Na samaki?" bibi akauliza.

"Ni wa watoto, bibi. Wametoka kwenye wavu wao."

Akaanza kuwachagua samaki, wadogo huku, wakubwa huku, kama mtu aliyetoka nao sokoni. Nami kwa tabia yangu sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Kwa nini aliushona, bibi, na hali alijua ninaondoka nao?"

"Nilimuuliza mimi pia. Ameniambia hawezi kuvumilia kuuona umechanika."

Ndipo sauti ikatoka ndani, ya chini, ya mtu aliyelia akamaliza. "Mama, mwambie ahsante."

Mimi nimetukanwa na manyapara, nimefukuzwa kazi mbele za watu, nimewahi kulala na njaa kwa upumbavu wangu. Hakuna kilichoniingia kama ahsante ile. Mtu ananishukuru kwa kumpa kilicho chake, tena baada ya kukitumia. Niliondoka mbio, nikarudi Soga kukata mkonge. Ruvu sikuvua mwaka huo.

Basi sikiliza jibu la swali lako. Chombo cha uvuvi kinunue penye maji. Ndoana na uzi kanunue kwenye duka la jirani na mto, ambako wavuvi hurudi kila siku. Mwenye duka la namna hiyo ataogopa kukupa ndoana inayonyooka ikivutwa. Wavu mwendee afumaye mwenyewe, umweleze uwezo wako. Atakufumia mdogo, na ukipata utarudi auongeze. Kilichokwisha tumika ni rahisi zaidi, na si aibu kukinunua, lakini kinunue kwa mwenyewe, mchana, mbele ya wavuvi wenzake wanaokijua. Nyumba iliyofiwa usiguse chombo chake mpaka wenye haki wamegawana na wao wenyewe wamekwambia kwamba wanauza. Na popote utakapokuta bei ndogo kupita kiasi, uliza ni cha nani. Ukijiona unaogopa kuuliza, basi umekwisha kujua. Kiweke chini, uende zako, hata kama mkono unakuwasha kwa hamu.

Mwenyezi Mungu akupe chombo kilicho chako na samaki wa halali, mwanangu. Mto ukupokee kwa wema na ukurudishe mzima. Wanao wale washibe, na pasiwe na mtoto wa mtu yeyote aliyelala na njaa kwa ajili ya sahani yao.