Abiria wa Saa Mbili Kamili

Konda Mazengo wa gari la Mvumi humtambua abiria huyu kwa vidole kabla ya sura. Yule mwandishi wa programu za kompyuta anayekaa mtaa wa Kikuyu hachoki kugongagonga: benchi la mama chai, jalada la kitabu, mara nyingine hata bega la jirani, kana kwamba kila kitu duniani kina herufi chini yake. Kila Jumamosi hufika stendi na kitabu kwapani, huagiza chai ambayo itapoa, kisha huanza hoja yake kwa ile sauti ya upole inayokera kuliko matusi: "Kaka, gari haliondoki likijaa. Linaondoka saa ikifika." Ameshatengeneza hata programu ya simu ya kumwambia gari la Mvumi linaondoka saa ngapi. Gari lenyewe halijawahi kuitii.

Jumamosi iliyopita Mazengo alichoka kubishana. "Haya, leo saa mbili kamili." Saa ilipofika dereva akapiga honi, nusu ya viti vikiwa vitupu. Mwenye hoja alikuwa bado kwenye benchi, kitabu kimemfunika uso. Akainua kidole kimoja: "Namalizia ukurasa." Wakamngoja, utamwachaje mwenye ratiba? Akafunua ukurasa mwingine. Ndipo simu yake ikalia kumjulisha kwamba gari la Mvumi limeondoka. Akakurupuka, akarukia bodaboda, "Likimbize!", akapita mbele ya mlango wa gari bila kugeuza shingo.

Mazengo akagonga bodi. "Kanyaga mafuta, dereva! Yule jamaa anatukimbiza, na ameshatutangulia."