Mzee wa Ukutani na Viatu vya Mchuchumio

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi vigae. Miaka kumi na tisa ametandika vyoo na mabafu ya watu, magoti yamekomaa. Kaka alipomuoa nilitangaza kwamba tumepata mpishi. Kumbe tumepata fundi, na mpaka leo anayepika ni kaka.

Mwaka jana alipata kazi ya kumtoa bafuni: picha ya ukutani kwenye kituo kipya cha treni ya chini ya ardhi. Mchoraji, mama mmoja wa mvi na maneno machache, alichora abiria kumi na wawili kwenye foleni, wakubwa kama watu wa kweli. Wifi na wenzake watatu waliigeuza kuwa vipande vya vigae, vidogo kama kucha. Mchoraji alimwambia wazi: ukuta ukitoka safi, kituo kinachofuata ataongoza yeye. Usipotoka safi, arudi kwenye mabafu.

Kazi ile ina ujanja wake. Vipande hugandishwa kifudifudi kwenye karatasi kwa gundi ya unga, na mgongoni mwa karatasi inaandikwa namba. Karatasi inagandamizwa ukutani kwenye saruji mbichi, halafu inaloweshwa na kubanduliwa. Mpaka hapo huoni picha, unaona namba tu.

Siku ya kuandika namba, mtu alimpigia wifi simu kudai sufuria lake. Mtu huyo ni mimi. Tulibishana robo saa, yeye kalamu mkononi.

Siku ya kubandua nilikwenda kujionea, nimevaa gauni langu zuri. Kila sura iliyotokeza tuliishangilia. Zikafika karatasi za chini. Namba za miguu zilikuwa zimebadilishana: bibi harusi wa kwenye foleni alikuwa amevaa makubazi yaliyochakaa. Na mzee wa mkongojo, maskini, amesimama kwenye viatu vyekundu vya mchuchumio.

Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Wifi hakucheka. Mhandisi wa kituo alipita, akatazama sura, akasema safi, akaenda zake.

"Nyamaza," nilimnong'oneza. "Nani anatazama miguu?"

"Wewe ungekuwa wa kwanza," akanijibu, akaenda mwenyewe kumwita mchoraji.

Yule mama alitazama muda mrefu, midomo ikimchezacheza. "Inachekesha," akasema. "Watu wataipenda. Mimi ningeiacha. Wewe unasemaje, fundi?"

Katika miaka yote ile hakuna mwenye bafu aliyewahi kumuuliza wifi anasemaje.

"Mama, mimi nang'oa," akasema. "Saruji bado mbichi. Ukuta huu utakaa miaka mia. Mzee wa watu asimame miaka mia kwenye mchuchumio? Na mkongojo wenyewe mmoja!"

Tulipiga magoti sote, mimi na gauni langu, tukang'oa kipande kimoja kimoja kwa ncha ya kisu na kukipeleka kwa mwenyewe. Tulimaliza jioni. Mzee alipopata makubazi yake, naapa alionekana kapumua.

Mchoraji alimshika wifi bega. "Kituo kinachofuata utaongoza wewe," akasema. "Fundi wa kutandika nitampata popote. Anayewaonea huruma watu wa vigae nimempata mmoja."

Wifi akalia hapohapo kwa furaha, saruji mashavuni. Nami nikalia naye, ingawa hakuna aliyenialika.