Mbwa Aitwaye Karibu

Mimi ni mtu wa Tanga. Bariadi nililetwa na kazi ya uuguzi, nikabakizwa na ndoa, na sasa nimestaafu na mume wangu amezikwa kwao Sapiwi, hakuna wa kuniondoa. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mbwa.

Jina la mbwa alilitoa marehemu. Huku kwa Wasukuma mtu humpa mbwa jina la kuwafikishia majirani ujumbe. Utasikia mtu anaita, "Watachoka!" na jirani wa pili anajua kabisa kwamba amesemwa. Mume wangu hakuwa na ugomvi na mtu. Yeye alikuwa mtu wa kukaribisha. Chakula kiwe kidogo, mvua inyeshe, akimwona mtu anapita barabarani atapaza sauti, "Karibu! Karibu nyumbani!" Na mimi huko jikoni naongeza maji kwenye mchuzi huku nimenuna. Basi mbwa naye akaitwa Karibu. Nikamuuliza, "Baba, na siku mwizi akipiga hodi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Karibu alikua akawa bonge la mvivu. Anakula ugali kwa dagaa, analala kwenye zulia la mlangoni, na paka wa jirani anamruka kama kizingiti. Nampenda, lakini jamani!

Walionitia wivu ni mbwa wa ng'ombe. Kila asubuhi kundi hupita mbele ya geti langu kwenda bwawani, na nyuma yake wanakuja mbwa wembamba, masikio yamechanika, hawabweki ovyo. Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai mpaka chai inapoa. Ndama akichepuka kuingia kwenye pamba ya watu, mbwa hasubiri kutumwa. Anazunguka, anamtokea mbele, anamrudisha, halafu anarudi mahali pake nyuma ya kundi kimya kimya. Wallahi nilitamani kupiga makofi.

Niliyempenda kuliko wote ni wa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kule Sapiwi. Jina lake ndilo hilo, Watachoka. Nilikuwa naenda kuzuru kaburi, nikimaliza nahamia zizini kumtazama mbwa hadi jua linaelekea kuzama.

"Shemeji, umekuja kwa kaka au kwa mbwa?" ananitania.

"Kwa wote. Huyu ulimfundishaje?"

"Sikumfundisha. Alimfuata mama yake machungani akiwa mdogo, akaona. Akitoka na kundi asubuhi, jioni hakubali lipungue."

Nikaona dawa ndiyo hiyo, na wangu akaone. Siku ya mnada shemeji alipita kwangu asubuhi akiswaga ng'ombe wake wa kuuza. "Mwangaluka, shemeji," akasema, nami badala ya kuitikia salamu vizuri nikamsukuma Karibu nje ya geti. Watachoka akamnusa, akamwacha. Wakaongozana nyuma ya kundi, na mimi nyuma yao, nimevimba kichwa kama mama wa bwana harusi.

Tulipofika mnadani ndipo nilipokumbuka jina. Kwa bahati mbaya nilichelewa kukumbuka. "Karibu mama! Karibu nyama! Karibu viatu, karibu vitenge!" Kila kibanda kinamwita mbwa wangu, tena kwa upendo. Maskini, alitaka kuwaitikia wote. Nilimwona mkia wake mara moja kwa wauza mitumba, nikageuka, hayupo.

Mwanzoni nilikasirika tu. Halafu nikaona malori ya kupakia ng'ombe yanarudi nyuma bila kujali kilichopo. Aliyempa jina nilikwisha kumzika. Kurudi kwenye nyumba ile peke yangu sikuweza hata kufikiria. Nikaanza kuzunguka mnada mzima napiga kelele, "Karibu! Karibu nyumbani!"

"Asante, mama!" watu wananijibu.

"Karibu!"

"Tumeshakaribia! Umepika nini?"

Mwanamke mmoja aliyetoka Lamadi kuuza samaki akaniuliza, "Asante, dada. Nyumbani ndiyo wapi?" Nikadhani anauliza mbwa ni wa wapi. Nikamjibu bila kusimama, "Geti la bluu, njia ya bwawani!" nikaendelea kuita.

Nikaita mpaka sauti ikakwaruza, na hapo ndipo niliposikia ninachosema. Maneno yalikuwa ya mume wangu, vilevile kama alivyokuwa akiyapaza. Tangu tumzike, hakuna aliyeyasema nyumbani kwetu. Nikasimama katikati ya mbuzi za watu nikalia.

Shemeji akanikuta hapo. "Nyamaza, shemeji. Watachoka naye ameondoka."

"Kwa hiyo sasa wamepotea wawili!" nikamfokea.

"Wako si alitoka na kundi asubuhi? Ngoja."

Tukangoja. Upande wa wachoma nyama watu wakaanza kucheka na kupisha njia. Karibu alikuwa anakuja na mfupa mdomoni, na nyuma yake Watachoka. Akisimama kidogo kuutafuna, Watachoka anamng'ata kisigino, twende. Ndama mtoro hajapata kurudishwa vile. Nilimzaba kofi la mgongo na kumkumbatia papo hapo, mbele za watu, na mfupa wake ukanipaka mafuta kanga nzima.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimejipikia kwa sufuria ndogo ile ile ya siku zote. Nikasikia hodi. Karibu, kwenye zulia lake, akainua sikio moja. Getini alisimama yule dada wa Lamadi, miguu imejaa vumbi, kashika sato wawili kwenye mfuko.

"Si ulinikaribisha, dada?" akasema. "Nimeuliza geti la bluu mpaka nimefika."

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya mbwa. Nikaufunga.

"Karibu," nikasema kwa sauti, nikafungua geti. "Karibu nyumbani."

Wakaja wote wawili, mbwa na mgeni, naye mgeni akaketi. Mimi nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye mchuzi.