Bakuli la Kuongeza Mwaka

Harufu ya tangawizi ikichemka na sukari guru ilinipokea kwenye ngazi, kabla sijafika mlangoni kwa Bibi Mei. Tuliishi ghorofani huko Bredäng, Uswidi, mlango wake ukitazamana na wetu, na kwa kuwa Mama alishinda kazini akihudumia wazee, mimi nilishinda kwa huyo bibi wa Kichina kila nilipotoka shule. Kila Desemba, siku ile fupi kuliko zote, giza likiwa limeshatanda saa tisa alasiri, alitupikia tangyuan: vitonge vyeupe vya unga wa mchele wa kunata, ndani vina ufuta mweusi, vikielea kwenye maji matamu ya tangawizi. Kwao, alinieleza, ukimaliza bakuli lako umeongeza mwaka. Nami nilimwamini kuliko hata mwalimu wangu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Bibi Mei aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Nilimwonea huruma, ndiyo, lakini niseme kweli, nilijihurumia zaidi. Nani angenipikia mwaka wangu? Nililia mpaka Mama akachoka. "Kwani unga wa mchele si unga wa mchele tu?" akasema, akateremsha ule wetu wa vitumbua. Tulifinyanga vitonge, tukatia na iliki, maana Mama ni mtu wa Tanga na kitu kitamu bila iliki hakimwingii akilini. Tukavitumbukiza sufuriani. Muda si muda vikapasuka, ufuta ukatapakaa, tukabaki na uji wa kijivu.

Mama hakuumwaga. Alitia tui la nazi, akaupeleka hivyo hivyo mlango wa pili. Bibi Mei alichungulia bakuli, akacheka hadi akaushika mkono wake wenye plasta. Mimi machozi yalinilengalenga. Nikamuuliza kama sasa nitabaki na miaka tisa.

"Kunywa tu," akanijibu kwa Kiswidi chake cha polepole. "Hata vyangu, vikifika tumboni vinakuwa uji."

Nilikunywa mabakuli mawili, nisije nikapunjwa.

Siku hizi naishi Farsta, nanunua unga wenyewe wa kunata, na vitonge vyangu havipasuki. Binti yangu ana miaka tisa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na viatu vyangu vinakaribia kumtosha. Jana alimaliza bakuli lake, akanisogezea akitaka la pili. Nikamwambia vimeisha, nikasimama mbele ya jiko asije akaiona sufuria.