Aliyebakiza Maji Tu

Baba alijivunia mgeni wake kupita kiasi, na mimi nilijua mdomo wake ungemponza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mgeni alikuwa Myahudi, mwalimu wa hesabu katika shule moja kule Ndhiwa. Jumamosi hakufanya kazi wala kuwasha moto. Sisi nasi tulishika Sabato, kwa hiyo kila Ijumaa, kabla jua halijazama, alikuwa ameshafika kwetu Kosele. Mama alipika mapema chakula cha kesho yake. Mumi, samaki asiye na magamba, hatukumla sisi wala yeye. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyasimulia haya soko zima, na washiriki wakaamini kwamba mtu wa namna hiyo amebakiza maji ya ubatizo tu. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Sabato moja baba akambembeleza aje kanisani. Alikuja kwa heshima, akakaa nyuma. Mhubiri aliyetoka Migori akanong'onezwa kwamba mna Myahudi ndani. Akaliacha somo lake, akaanza kueleza jinsi Wayahudi walivyomuua Bwana, kisha akanyoosha mkono.

"Ndugu Myahudi, njoo mbele utubu hiyo damu!"

Kwetu, wimbo wa mwito ukishaanza, kwaya hainyamazi mpaka mwitwa atoke mbele. Nilikuwa mwanakwaya. Tuliimba beti zote, tukarudia, watu wakageuka kumkodolea macho. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilishikwa na hasira, midomo ikawa inachezacheza tu bila sauti.

"Mzee, lete mgeni wako," mhubiri akasema. "Ama huo uzee wa kanisa ni wa bure?"

Baba akasimama. Kiti chake cha mbele alikipata baada ya kubeba matofali ya kanisa hilo kwa mgongo wake mwenyewe, na alikipenda kuliko shamba. Niliogopa kwamba angemleta kweli.

"Pasta, huyu ni wendo wangu, mgeni wa nyumba yangu," alisema. "Hajaua mtu. Mimi siwezi kumleta hapo ashtakiwe."

"Basi hicho kiti si chako tena."

Kwaya ikanyamaza. Baba akatembea hadi nyuma, akamshika mwalimu mkono, wakatoka. Mama akachukua leso yake akawafuata. Nami nikavua joho la kwaya nikaliacha pale pale.

Nyumbani tulikula maharagwe ya jana. Mwishowe mwalimu akasema, "Mzee, sitakuja tena. Nimekuharibia."

Baba akasukuma sahani, akamkaripia kama anavyotukaripia sisi watoto wake.

"Kanisa wameninyang'anya leo. Sasa na wewe ukienda, hii Sabato nitashika na nani?"