Mlango Uliotolewa Ukarudishwa

Shule niliacha darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie.

Hapa kwetu, upande wa Kiptere, nyumba zilianza kufungwa moja moja. Vijana walienda mjini. Halafu mashine za kuchuna majani chai zikaingia kwa mashamba makubwa, wachunaji wakarudi makwao. Nyumba ikikosa moshi, mchwa wanaingia. Hata duka lilifungwa, na mwenye duka alikuwa anajua habari za watu mpaka unasahau chumvi uliyotumwa. Lakini si hiyo nilitaka kusema.

Kaunti ikaleta mradi. Nyumba zilizoachwa wanazirekebisha, wanaweka sakafu ya simiti na mlango mpya, halafu anapewa mtu ambaye atakaa. Sharti ni moja: Ijumaa ikiisha hujaingia, anapewa mwingine.

Nyumba ya karibu na yangu ilipewa mama mjane wa kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amechuna chai kwa shamba kubwa mpaka mashine ikamtoa. Miaka yote hiyo yeye na mke wangu wanaenda kanisani pamoja, wameshikana mikono kama wasichana. Akikosa nyumba, anarudi ziwani. Mke wangu alikuwa ameacha hata kumaliza chakula kwa kufikiria hiyo.

Basi nikajiona mwerevu. Ufunguo ulikuwa umewekwa kwangu. Jumatano asubuhi nikafagia, nikawasha moto jikoni. Sisi Wakipsigis hatuwezi kuacha mtu aingie nyumba baridi.

Mama akafika na godoro kichwani. Akaona moshi, akasimama.

"Nani amewasha?"

"Ni mimi, jirani."

"Yawa! Mzee, umenioa?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi. Lakini mama kicheko kilimwisha haraka. Akatuambia kwao mjane haingii nyumba mpya hivi hivi. Lazima mtu wa ukoo wa mume wake aijenge, hata kama ni kuweka mti mmoja tu, na awashe moto wa kwanza.

"Na hii imejengwa na kaunti," akasema. "Sasa kaunti ni shemeji yangu?"

Akaweka godoro nje. "Heri nirudi nyumbani."

Mke wangu akaniangalia. Tangu tuoane sijawahi kuangaliwa hivyo. Nikazima moto, nikatoa majivu yote kwa mikono.

Mama akampigia simu ndugu mdogo wa marehemu. Ijumaa mchana huyo shemeji akafika, mzee wa mvi, koti la suti na viatu vya akala, vile vya tairi. Akazunguka nyumba mara mbili. Karani wa mradi alikuwa amesimama na fomu yake anangoja.

"Nitajenga nini?" shemeji akasema. "Imeisha."

Mama akaanza kufunga godoro na kamba.

"Toa mlango," mke wangu akasema.

"Eh?"

"Toa mlango, halafu uuweke wewe. Nyumba haina mlango, imeisha aje?"

Shemeji akamwangalia mama. Mama akafikiria, kamba bado mkononi, akaitikia kwa kichwa. Mimi mbio nyumbani kuleta bisibisi.

"Wazee, hiyo ni mali ya serikali!" karani akapiga kelele.

"Ndiyo, karani. Shika huo upande usianguke," nikamwambia.

Akashika. Alilalamika mpaka mwisho, lakini alishika.

Shemeji akaurudisha mlango, akawasha moto, akatoka akifuta macho. Alisema ni moshi. Mama akaingia na godoro lake.

Huyo shemeji si fundi. Mlango umekaa upande, unakwaruza simiti. Watu wa mradi walikuja kuunyoosha, mama akawaambia waende. Asubuhi ukikwaruza tunasikia mpaka kwetu, na mke wangu anaongeza maziwa kwa sufuria ya chai, kikombe cha tatu.